Hamaki ya Ami

Kijana mmoja aliniletea kisa cha ami yake, mzee wa vituko na hamaki nyingi. Akaniuliza kwa hofu: je, hii si ghiba?

Swali zito. Mfano niliupata bara, kwa marehemu Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka 2003. Katika makala yake ya gazetini, Whispers, mkewe alimbandika jina la Thatcher, lakini mzee wa majivuno aliyeaibika kila juma alikuwa ni huyo Whispers, yaani sura aliyojivika yeye mwenyewe.

Nikamwambia: mwanangu, anza na hamaki yako. Kisha umsomee ami kabla hujatuletea sisi. Akicheka, tutakichapa, akinuna, kichane.