Stanley ni jina langu, si ukoo wangu

Nilirejea Burundi mwaka 2009 nikitokea Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa na kusomeshwa na wazazi waliokimbia mwaka 1972. Katika vyeti vyangu vyote nilikuwa Stanley, na baada yake jina la baba. Katika ofisi moja ya kuandikisha wananchi, karani alikisoma cheti, akacheka. "Stanley ni ukoo wa yule Mzungu mpelelezi," akasema, akaliandika kwenye nafasi ya jina la ukoo. Jina la baba yangu likawekwa kana kwamba ndilo nililobatizwa nalo.

Kosa la dakika moja likanigharimu miezi saba. Nilipoomba kazi ya ualimu, cheti kilisema mtu mmoja na kitambulisho kikasema mwingine. Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi ni mimi.

Ndugu msomaji, karani yule alikosea hata kwa desturi za Waingereza wenyewe. Katika Kiingereza cha kale, Stanley ni maneno mawili: jiwe, na mahali palipofyekwa msituni. Lilikuwa jina la vijiji kadhaa vya Uingereza. Mtu aliyetoka huko aliitwa wa Stanley, kama sisi tunavyosema "yule wa Makamba". Watoto wakalirithi, likawa jina la ukoo. Mwaka 1485 Thomas Stanley alipewa cheo cha Earl wa Derby, na ukoo huo unacho cheo hicho hadi leo.

Baadaye Waingereza wakaanza kuwapa watoto majina ya koo yawe majina yao ya kwanza, mara nyingi ili jina la upande wa mama au bibi lisipotee. Stanley Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1867 na kuwa waziri mkuu mara tatu, ukoo wake ni Baldwin. Stanley ni ukoo wa bibi yake mzaa baba. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Stanley Matthews, aliyecheza ligi kuu hadi mwaka 1965 akiwa na miaka 50. Ukoo wake ni Matthews. Huko Marekani nako, wahamiaji wengi kutoka Poland walioitwa Stanisław walijiandikisha Stanley kwa sababu ya mfanano wa sauti tu. Hakuna aliyewadai ukoo.

Na yule mpelelezi? Hakuzaliwa Stanley! Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, mama yake hakuwa ameolewa, naye akalelewa katika nyumba ya maskini. Akiwa kijana alivuka bahari hadi New Orleans, akachukua jina la mfanyabiashara wa huko. Alipokutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, alikuwa na jina la kujichagulia. Novemba mwaka huo wawili hao walifika Mugere, kusini mwa Bujumbura ya leo, ambako majina yao yamechongwa kwenye jiwe kubwa. Wakongo walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe, na jina hilo liliandikwa kwenye kaburi lake Uingereza alikofia mwaka 1904. Mtu mmoja, majina matatu.

Simsifu. Ndiye aliyemfungulia Mfalme Leopold njia ya kuingia Kongo, na watu wa huko walilipa kwa damu. Wala sikupewa jina hili kwa heshima yake. Baba aliniita Stanley kwa shukrani kwa muuguzi wa Kitanzania aliyemsaidia mama kujifungua usiku wa mvua.

Wapo wanaotuambia sisi tuliorudi kwamba mwacha asili ni mtumwa, tutupe majina ya Kiingereza. Wanaosema hivyo wengi wao wana majina ya Kifaransa! Stanleyville ilipogeuzwa kuwa Kisangani mwaka 1966, ilikuwa haki, maana wenyeji hawakuulizwa mji wao ulipobandikwa jina la mgeni. Jina langu lilichaguliwa na baba yangu mwenyewe. Kunibadilishia bila kuniuliza ni kurudia kosa lile lile.

Tatizo ni desturi tatu kukutana kwenye karatasi moja. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne tofauti. Tanzania, mtoto huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu. Fomu za Kizungu zinataka ukoo mmoja kwa nyumba nzima. Binti yangu alianza shule Tanzania akiandikwa kwa jina lake na Stanley, jina la baba. Tulipofika huku, mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba Stanley ni jina la wavulana. Mtoto alirudi nyumbani analia, akiuliza kama yeye ni wa kwetu kweli.

Wafanyabiashara wanaovuka Manyovu na Mugina wanalijua jambo hili vizuri. Jina likigeuzwa kati ya kibali cha safari na karatasi ya forodha, mzigo unalala mpakani, na nyanya hazisubiri.

Ombi langu kwa makarani na walimu wenzangu ni dogo. Kabla ya kuandika, muulizeni mwenye jina: lako ni lipi, la baba ni lipi? Kisha andikeni kama lilivyo kwenye cheti chake cha kwanza. Palipo na tofauti, hati moja ya kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja itoshe katika ofisi zote, mtu asianze upya kila mlango.

Nanyi wazazi mliorudi, msisubiri mwaka wa mtihani. Toeni vyeti vya watoto sandukuni leo, mvilinganishe herufi kwa herufi. Kosa la darasa la pili hurekebishwa kwa siku moja. Likifika kwenye cheti cha mtihani, jiandaeni kwa miezi saba kama yangu.