Sifa za Yule Aangukaye

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya mtu ambaye watazamaji humcheka, na watoto husahau jina lake hata kabla hajatoka uwanjani. Huyo ni mpigana mieleka ambaye kazi yake ni kushindwa.

Wengi wetu twaijua mieleka ya kulipwa. Kinshasa ina mabingwa wake, na picha za wale wa Marekani zimeingia katika nyumba nyingi. Mchezo huo si shindano kama mpira. Kabla ya kupanda ulingoni, wote wawili wamekwisha kuambiwa ni nani atakayeshinda. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilikiri jambo hilo mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey, kusudi mchezo wake uhesabiwe kuwa maonyesho, usisimamiwe kama ndondi.

Lakini mtu asiseme upesi: «Basi, ni uongo mtupu.» Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa godoro jembamba na turubai. Aangukaye hapo bila ujuzi huumia kweli. Ndiyo sababu watoto wasijaribu kuwaiga. Fundi wa kuanguka hubana kidevu kifuani, huangukia sehemu ya juu ya mgongo, tena hupiga sakafu kwa mikono ili kishindo kigawanyike. Mwenzake akitaka kumwinua, yeye mwenyewe huruka kidogo, ndipo watu washangae nguvu za yule mwingine. Kisha hugeuzwa kichwa chini, na shingo yake i mikononi mwa mwenziwe. Shujaa hupigiwa makofi, lakini nusu ya nguvu zake ameazimwa na huyo anayelala chini.

Katika miaka ya 1980 televisheni ya Marekani ilionyesha mapigano mengi ya namna hiyo: mwenye jina na asiye na jina, dakika chache, basi. Hivyo watu walimjua shujaa, wakatamani kununua tikiti wakamwone akipambana na shujaa mwenzake.

Tumtaje S. D. Jones, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua. Tarehe 31 Machi 1985, mjini New York, alipambana na King Kong Bundy, jitu la kutisha. Ilitangazwa kwamba Jones ameshindwa kwa sekunde 9, ijapokuwa kwa kweli zilipita zaidi. Alitakiwa kumfanya Bundy aogopwe, naye akafanya hivyo kwa mgongo wake. Mwaka uliofuata Bundy alipewa nafasi ya kupigana na Hulk Hogan, bingwa aliyependwa kuliko wote. Jones alifariki mwaka 2008, na hata leo wengi wakimtaja hutaja zile sekunde 9 tu.

Tumtaje na Barry Horowitz. Huyo alishindwa miaka mingi, na kwa kuwa hakuna aliyempongeza, alizoea kujipiga mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1995 akamshinda mpinzani aliyeitwa Skip, na watu wakafurahi kana kwamba ndugu yao amepata neema. Kumbe walikuwa wamemwona siku zote! Walichokosa ni kumwambia.

Hapo ndipo neno letu la juma hili. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala shujaa hashindi peke yake. Katika kila jamaa yuko mtu ambaye mgongo wake umekuwa ngazi ya wengine: dada mkubwa aliyeacha masomo ili wadogo zake waendelee, au baba mdogo aliyelima shamba la wote huku kaka yake akitafuta cheo mjini. Siku ya karamu husifiwa mwenye cheti, na yule mwingine yuko jikoni au nje, akipanga viti.

Basi, enyi wazazi, watoto wenu wakitazama mieleka jioni, waulizeni: «Yule aliyeanguka anaitwa nani?» Wasipojua, watafute. Kisha waulizeni ni nani aliyeanguka ili wao wasimame. Jibu la swali hilo wasilitafute mbali, maana labda mtu huyo ameketi papo hapo chumbani, naye hajasikia asante hata siku moja.