"Hata hakunipima, kaniuliza tu"

BARAZANI na Zuhura Mbwambo

Mama mdogo alifika kwangu Tanga na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za maabara. Malaria hakuna, sukari safi, taifodi mara ipo mara haipo. Miezi saba kichwa, mgongo, na usingizi unaokatika saa tisa za usiku. Dawa za taifodi alishazimeza dozi tatu. (Kipimo cha Widal, ambacho zahanati zetu zinakiamini kama msahafu, hukosea mara nyingi. Hilo lina siku yake.)

Tukampeleka kwa daktari wa akili. Akazipitia karatasi zile moja moja, akaziweka kando, akaanza kuuliza. Je, mama ana huzuni? Hana. Analia? Halii. "Na vitumbua, bado unapika?" Mama mdogo, aliyeuza vitumbua miaka ishirini, akainama akawa anakunja ncha ya khanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Njiani alinung'unika: "Daktari gani huyu, mwanangu? Hata hakunipima, kaniuliza tu."

Simlaumu. Kwetu kupimwa ni kutobolewa kidole. Lakini sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu ambao daktari alikuwa akiutafuta, haionekani kwenye damu wala kwenye eksirei, na mashine ya kuisoma haipo Dodoma wala London. Maswali ndiyo kipimo chenyewe.

Na si maswali ya soga. Fomu inayotumika sana, PHQ-9, ipo kwa Kiswahili. Inauliza mambo tisa ya wiki mbili zilizopita: huzuni, kukosa hamu, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, akili kutotulia, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mwisho, mawazo ya kwamba heri ufe au ujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10, daktari anachimba zaidi, kwani fomu peke yake haimpi mtu ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unataka dalili tano au zaidi kwa wiki mbili, karibu kila siku, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu. Ndiyo maana vitumbua vikaulizwa. Wazee wetu wengi hawatasema wana huzuni. Watasema mgongo unauma.

Kuchimba kwenyewe kuna sababu. Daktari atauliza kama uliwahi kupata siku za kuchangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, fedha unazimwaga tu. Akisikia hivyo atafikiria ugonjwa mwingine, bipola, ambao dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuuchochea. Atauliza pombe. Atauliza msiba. Damu nayo huchukuliwa, ila kwa kazi nyingine: tezi ya shingo ikizembea, au damu ikipungua, mtu huchoka na kunyong'onyea vilevile.

Basi mama mdogo alipimwa, tena vizuri kuliko miezi yote saba.

Nawe ukimpeleka mzazi wako, usibebe karatasi tu. Mwambie daktari anaamka saa ngapi usiku, na ni lini aliacha kupika.