Unyonge wa mwanamume katika "Malaika"

"Malaika" ni malalamiko ya mwanamume anayependa lakini hana mali ya kuoa. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutangaza wimbo huu kwa sahani za santuri miaka ya 1960, ingawa wengine humtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi. Kinachomuumiza mwimbaji ni kujiona hatoshi: mapenzi anayo, ila bila mahari hawezi kuposa, na jamii humpima kwa alichonacho. Katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ambako ng'ombe ni mali na heshima pia, kijana asiye na mifugo anaelewa aibu hiyo bila kufafanuliwa.

Mwimbaji wa Afrika Kusini, Miriam Makeba, aliurudia wimbo huu na kuusambaza duniani, na umo katika albamu yake ya 1965 na Harry Belafonte. Hapo maneno ya mwanamume yaliingia kinywani mwa mwanamke, tena mkimbizi: serikali ya makaburu ilimzuia kurudi kwao mwaka 1960, hata kumzika mama yake hakuweza. Umaskini wa mwanamume asiyeweza kuoa ukabeba pia upweke wa mtu aliyefungiwa mlango wa kwao. Hili ndilo rudio lenye uzito kuliko yote.

Kundi la Boney M liliurekodi mwaka 1981 kwa mdundo wa disko, na aibu ile ikafifia. Angélique Kidjo wa Benin aliuimba katika albamu ya Logozo, 1991, akaurudishia huzuni yake.