Mashine Kuukuu Isiuzwe kwa Kilo

Shafti ya mashine ya kusagia muhogo ikiharibika Koboko, jirani na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, kuagiza nyingine Kampala ni safari ndefu: kutoka Arua tu, mji ulio njiani, ni karibu kilomita 500. Ndiyo maana naamini mashine ya milingi ya zamani, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, inastahili kufufuliwa katika karakana ya nyumbani, si kupimwa kama chuma chakavu. Bridgeport, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, ina mwili wa chuma cha kusubu usiochoka upesi. Kinacholika ni reli, skrubu ya meza na beringi. Reli husuguliwa kwenye bamba lililonyooka lililopakwa rangi ya buluu, kisha fundi hukwangua kila palipoingia rangi, tena na tena, hadi madoa yaenee sawasawa. Ni kazi ya subira, lakini haihitaji kiwanda.

Watasema umeme. Kweli, mota nyingi za mashine hizi hutaka fezi tatu na nyumba nyingi zina moja. Kigeuzi cha kielektroniki hulimaliza hilo. Hoja nzito ni vifaa: vaisi, vishikizo na visu vinaweza kugharimu karibu sawa na mashine yenyewe. Hapo nakubali, kwa hiyo fundi aanze na vaisi moja imara na visu vichache vinavyonoleka. Wala mpya si jibu: mashine mpya nyepesi hutetemeka ikigusa chuma kigumu. Ile kuukuu itakata mfereji wa kii kwenye shafti, na muhogo utasagwa jioni ileile.