Vuli Yao Sio Vuli Yetu

Naanza na deni. Mwaka jana niliweka video ya dakika moja kuhusu ua linaloitwa rudbeckia. Ni lile la manjano, katikati lina kifundo cheusi kama jicho. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: panda Machi, na kuanzia Agosti hadi Oktoba, maua mengine yakiwa yamechoka, hili litakuwa linawaka kando ya ukuta wako. Niliyatoa wapi? Kwa mzee mmoja wa Uingereza mwenye bustani safi na sauti ya upole. Sikuwa nimewahi kulipanda. Sikuwa hata nimewahi kulishika.

Dada mmoja wa Kayole, anayeuza miche kando ya barabara, aliniamini. Alinunua pakiti tatu za mbegu, shilingi 350 kila moja, akazisia kwenye makopo, akamwagilia maji ya kununua kwa mtungi. Miche ikaota vizuri kabisa. Agosti ikafika. Oktoba ikapita. Majani tu. Majani mabichi yenye vinyweleo, yamelala chini kama sukuma wiki iliyokataa kupanda juu. Mwezi wa kumi na mbili akanitumia picha na swali moja: "Kaka, maua ni lini?"

Jibu la ukweli lilikuwa: hayako njiani. Na si yeye aliyekosea, wala si mbegu. Ni mimi. Tena siko peke yangu, juu nusu ya sisi tunaotengeneza video za bustani Nairobi tunasoma kalenda ya watu wengine tukijifanya tunasoma mawingu yetu.

Sikiza venye hiki kitu hufanya kazi. Rudbeckia ni mmea wa Marekani Kaskazini, wa nyika na kando za barabara. Huko mchana hauna urefu mmoja. London, ambako huyo mzee wangu hujifunzia watu, mwezi wa Juni jua hukaa juu zaidi ya saa 16. Desemba halifiki hata saa nane. Mmea unaoishi sehemu kama hiyo unahitaji njia ya kujua mwaka umefika wapi, na rudbeckia hutumia giza. Majani yake hupima usiku. Usiku ukiwa mrefu, hutulia chini na kutengeneza majani. Usiku ukifupika, hupokea ishara: sasa inua shina, tengeneza ua.

Sasa njoo Nairobi. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Januari hivyo, Juni hivyo, Desemba hivyo, tofauti ni dakika chache. Kwa rudbeckia, usiku wetu ni mrefu mwaka mzima. Inangoja Juni ambayo haitafika. Umwagilie, uweke samadi, uimbie hata, itakupa majani.

Kama unadhani natia chumvi, pita Naivasha usiku. Yako mashamba ya maua pale yenye nyumba za plastiki zinazong'aa kama mji. Taa hizo si za walinzi. Maua kama hypericum, yanayotaka mchana mrefu, hudanganywa kwa taa yafikiri ni kiangazi cha Ulaya. Mwenye shamba anajua jua la ikweta halitoshi kwa kazi hiyo, na analipa bili ya stima. Dada wa Kayole nani atamlipia?

Najua kuna mtu tayari ananiandikia: "Lakini mimi nimeiona rudbeckia imechanua hapa hapa Nairobi." Sawa. Ziko aina mpya zilizochaguliwa zisiwe wakaidi sana, na mche unaweza kuuzwa ukiwa tayari na machipukizi ya maua aliyoyapata chini ya taa. Swali langu ni moja: mwaka wa pili ilikuaje? Ua ulilonunua likiwa limefunguka linathibitisha kazi ya aliyelikuza. Halithibitishi kwamba ukuta wako utafanya vivyo hivyo.

Na hapa ndipo nataka tuelewane, juu sina ugomvi na rudbeckia. Kwao ni ua la heshima. Jimbo la Maryland lililifanya rudbeckia hirta ua lake rasmi mwaka 1918. Linnaeus alilipa jina la ukoo wa Rudbeck, wasomi wa Uppsala, Uswidi. Ile aina maarufu zaidi kwenye bustani, Goldsturm, maana yake tufani ya dhahabu, ilitolewa sokoni mwaka 1949 na Karl Foerster, mkulima wa maua wa Potsdam, Ujerumani. Na wakulima wa bustani wa huko wana sababu nzuri ya kuipenda. Bustani zao hufikia kilele Juni. Agosti ikifika, waridi zimechoka, delphinium zimeanguka, ukingo mzima wa bustani unaonekana kama ukumbi baada ya harusi. Rudbeckia ndipo inaingia. Inashikilia rangi hadi baridi kali ije kuua kila kitu. Hata ikikauka, wengine hawaikati: vile vifundo vyeusi hubaki vimesimama, ndege wanakula mbegu.

Sasa ona kosa letu lilipo. Sisi tuliona jibu lao tukalibeba. Swali lao tuliliacha uwanja wa ndege. Swali lao ni hili: katika mwaka wa hapa nilipo, ni wakati gani kila kitu kimechoka, na nani kati ya mimea bado ana nguvu? Hilo ndilo la kuiga.

Lugha yenyewe ilishatuonya. Shuleni tulifundishwa vuli ni majira ya majani kuanguka Ulaya. Lakini muulize mtu wa Pwani vuli ni nini. Ni mvua! Mvua fupi, za Oktoba hadi Desemba. Oktoba ya mzee wa Uingereza ni bustani inafungwa. Oktoba yetu ni bustani inafunguliwa. Neno moja, maana mbili zinazopeana migongo, halafu mimi nikaja na video nikamwambia mtu wa Kayole ajiandae kwa rangi za mwisho wa msimu wakati msimu wake ndio unaanza.

Mwisho wetu wa msimu ni upi? Unaujua, hata kama hujawahi kuuita hivyo. Ni Februari kuelekea Machi, kabla mvua ndefu hazijashuka, vumbi liko hadi kwa meno na mfereji una maji Jumanne pekee. Tena ni Septemba, baridi ya Julai imeisha, mvua bado. Udongo mweusi wa Eastlands umepasuka, unaweza kuangusha simu ndani. Huo ndio wakati wa kuuliza: nani bado amesimama?

Aloe imesimama. Aloe secundiflora hutoa mikuki yake ya maua ya rangi ya machungwa na nyekundu kukiwa kukavu, majani yake yamejaa maji ya akiba. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, atakuja kunywa nekta hapo hata kama bustani yako ni ndoo ya rangi kwenye balkoni. Ila tafadhali, usiende kuing'oa porini. Aloe za porini zinalindwa. Nunua iliyooteshwa.

Leonotis imesimama. Umeiona kando ya barabara ukadhani ni takataka: shina refu lenye mipira ya miiba, mmoja juu ya mwingine, maua ya machungwa yamejitokeza kama ndimi. Ikikauka, ile mipira hubaki imesimama miezi, sawa tu na vifundo vya rudbeckia ambavyo wenzetu huvipiga picha. Kwao inaitwa urembo. Kwetu tunaleta panga.

Muhuti umesimama, kama una nafasi ya mti. Unaangusha majani kiangazi, halafu kwenye matawi matupu unawasha maua mekundu kama mtu amekumbuka kitu.

Na kama roho yako inataka manjano lazima, ua la petali za manjano lenye majani yanayokwaruza kama rudbeckia, tuko nalo. Linaitwa Aspilia mossambicensis. Liko vichakani na kando ya njia sehemu nyingi za nchi hii. Mvua zikinyesha linachanua bila kuomba ruhusa, bila taa, bila pakiti ya shilingi 350. Hakuna anayeliuza kwa sababu hakuna anayeliulizia. Na hakuna anayeliulizia kwa sababu watu kama mimi hatujawahi kulionyesha.

Kuna atakayesema huu ni uzalendo wa maua, kwamba nataka tufukuze kila mmea wa kigeni. Hapana. Jacaranda yenyewe ilitoka Amerika Kusini, bougainvillea pia, na zote mbili zinatupatia raha kila mwaka. Bougainvillea haiulizi Juni iko wapi. Inapigwa na kiangazi, ndiyo kwanza inawaka. Siangalii pasipoti ya mmea. Naangalia kama mmea unaweza kuisoma siku yetu. Rudbeckia haiwezi. Basi.

Lakini acha niseme kitu kingine, hiki kinaniuma zaidi. Hayo maua tunayoyapita, wenzetu waliyaona zamani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire alichukua ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara, Tanzania, likafika Ujerumani, likapewa jina lake: Saintpaulia. Leo linakaa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Impatiens walleriana, wa Afrika Mashariki, umejaza bustani za kivuli za Ulaya na Marekani. Na kuna Kniphofia thomsonii, ua la mikuki ya rangi ya machungwa linaloota kwenye nyanda za juu kama Aberdare. Unajua liko wapi leo? Kwenye bustani za Uingereza, Septemba, likichanua karibu na rudbeckia, likiitwa rangi ya mwisho wa msimu.

Soma tena hiyo. Mzee wa Uingereza amechukua ua la Aberdare kuokoa vuli yake. Mimi, niliye karibu na Aberdare kuliko yeye, nikamwambia binti wa Kayole anunue mbegu za Marekani.

Rudbeckia yenyewe ilikuwa gugu la kando ya barabara kwao. Kilichoitoa hapo si bahati. Ni mtu aliyesimama, akaangalia mmea mmoja kati ya mingi, akasema huu una kitu, akaukusanyia mbegu, akaugawa, akangoja miaka. Nasi tuna barabara. Tuna magugu. Tunachokosa ni mtu wa kusimama.

Kwa hivyo kabla ya kupanda chochote ulichoona kwa simu, ikiwemo simu inayonionyesha mimi, uliza maswali matatu. Huyu anayeongea yuko wapi, na jua lake hukaa juu saa ngapi? Amelipanda mwenyewe, ama amelitazama tu? Na mwezi anaoutaja, kwangu huwa ni matope ama vumbi?

Ile video nimeiondoa. Dada wa Kayole nimemrudishia shilingi 1,050, na pesa ya maji nikakadiria, akacheka akaniambia nimekadiria kidogo, nikaongeza. Ile miche hajaitupa. Ameihamishia chini ya balbu ya kibanda cha jirani anayeuza chipsi hadi usiku, aone kama itadanganyika. Mimi niliomba kitu kimoja: aniwekee kopo mbili za udongo. Nimekusanya mbegu za Aspilia na za Leonotis kando ya njia, nimezibeba kwa bahasha mfukoni. Safari hii napanda kwanza. Video itakuja maua yakija.