Jiwe la Jikoni na Moshi wa Uani

Miongoni mwa maradhi yanayoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi ni haya ya kulipamba jiko kwa ajili ya jicho la mgeni, na kumwacha mpishi wa nyumba hiyo hiyo katika dhiki yake ya siku zote. Maradhi haya hayana homa wala kikohozi. Dalili yake ni moja tu: mwenye nyumba akikukaribisha, kabla hujakaa vizuri hukuchukua jikoni, akaigonga kaunta yake kwa kidole, akakuuliza, "Unalionaje jiwe hili?"

Sikusudii kumsengenya mtu, ndugu msomaji, na kwa hiyo sitataja jina. Lakini nililoliona katika nyumba moja ya upande wa Kihonda, hapa Morogoro, linanilazimisha kusema. Jiko la nyumba ile lilikuwa na meza ya zege iliyopigwa niru, isiyo na ufa hata mmoja. Bwana mwenye nyumba aliivunja kwa nyundo. Mahali pake akaweka jiwe jeusi la dukani, linalong'aa hata unauona uso wako, na fedha yake aliipata kwa mkopo wa riba. Nikalitazama jiwe lile: halina tone la mafuta wala harufu ya kitunguu. Nikauliza, chakula kinapikwa wapi? Nikaonyeshwa uani. Huko, chini ya bati lililotoboka, nilimkuta mama wa nyumba ameinama juu ya jiko la mkaa, macho mekundu kwa moshi, na mboga anazikatia juu ya ubao alioutandika kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nilipomuuliza kwa nini hapikii ndani, alinijibu kwa upole: "Shemeji, baba watoto hataki jiwe lichafuke."

Basi hebu tujiulize, jiko lile ni la nani? Wahenga wametuambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumezidi, kwani siku hizi hata ndani tumepageuza kuwa mlango.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Israa, imewahesabu wabadhirifu pamoja na mashetani, na katika Sura ya Al-Maun imewakemea wanaotenda ili waonekane. Kuvunja kitu kizima kinachofaa ni ubadhirifu. Kuweka kingine ili kitazamwe tu ni riya. Kukilipia kwa riba ni msiba wa tatu. Maovu matatu yamekutana juu ya meza moja, na bado tunaiita meza hiyo maendeleo!

Wala moshi wa uani si jambo dogo. Serikali ilipozindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia mwezi wa Mei 2024, iliweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo hilo lenyewe ni ushahidi wa mahali tulipo: kaya nyingi za nchi hii zingali zinapikia kuni na mkaa, na moshi wake unaingia mapafuni mwa mama na mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mkaa nao haushuki kutoka mbinguni. Ni miti iliyokatwa. Sisi watu wa Morogoro hatuna udhuru wa kutoijua thamani ya miti, kwani kila asubuhi tunaitazama safu ya Uluguru, ambako mto Ruvu unapata maji yanayonywewa mpaka Dar es Salaam. Fedha ya jiwe lile ingalinunua jiko la gesi na mtungi wake, ikaezeka upya banda la uani, na nyingine ikabaki.

Ama kuhusu mawe yenyewe, watu wengi hununua jina wasilolijua maana yake. Yako ya namna tatu, na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni graniti. Hili ni jiwe la asili, gumu, halidhuriki kwa sufuria ya moto, wala kisu hakilichubui kwa urahisi. Lakini ni zito mno. Kipande cha mita moja ya mraba chenye unene wa sentimita 3 hukaribia kilo 80, na makabati ya mbao dhaifu hayalihimili.

La pili ni marumaru, nami sisemi vile vigae ambavyo mafundi wetu huviita kwa jina hilo, bali jiwe lenyewe. Halikuwa geni kwetu. Miamba yake imo katika milima hii ya Uluguru, na yakuti nyekundu za Matombo hupatikana humo. Ni jiwe la kupendeza, lakini asili yake ni moja na chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Likidondokewa na ndimu, ukwaju au siki, huliwa uso wake, na alama haiondoki mpaka lisuguliwe upya. Na je, liko jiko gani la Mswahili lisilokamuliwa ndimu?

La tatu ndilo linalosifiwa zaidi siku hizi, nalo si jiwe la mlimani. Hutengenezwa kiwandani kwa unga na vipande vya jiwe gumu liitwalo kwatsi, ambavyo kwa kawaida hufikia sehemu 90 katika 100, vikagandishwa kwa gundi ya namna ya plastiki. Sufuria iliyotoka motoni huibabua gundi hiyo. Hilo ni dogo. Kubwa ni vumbi lake. Jiwe hili likikatwa bila ya maji, hutoa vumbi laini lisiloonekana vizuri kwa macho, nalo likiingia mapafuni hubakia humo, likayafanya yawe magumu mpaka mtu akashindwa kuvuta pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Graniti nayo hutoa vumbi la namna hiyo, ingawa si kwa wingi huo. Nchi ya Australia, baada ya kuona wakataji wengi wa mawe haya wanaugua, baadhi yao vijana, iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024.

Haya, ndugu yangu, fikiri. Ikiwa nchi tajiri, yenye wakaguzi na sheria kali, iliona haiwezi kuwalinda wafanyakazi wake ila kwa kulikataa jiwe lenyewe, itakuwaje kwa kijana wetu anayelikata kando ya barabara kwa msumeno mkavu, amejifunga kitambaa puani? Tumefundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Jasho tutalilipa. Pafu lake nani atalilipa?

Wengine watakimbilia mbao za mninga au mvule. Mbao haivunji sahani, ni kweli, lakini karibu na sinki hunywa maji na kuoza, na mti wake umekua kwa miaka mingi. Ubao mmoja wa kukatia nyama unatosha.

Sasa najua watakaonijibu. Watasema, Mwenyezi Mungu anaupenda uzuri, nawe unaupiga vita! La hasha. Mwenye mali ya halali, asiye na deni, aliyekwisha toa zaka yake na kuuondoa moshi katika nyumba yake, na aweke graniti yake, ikatwe kwa maji, na fundi avae kinga ya kweli ya pumzi. Huyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yule anayeanzia mwisho.

Watasema tena kwamba zege ni la maskini. Zege baya ndilo la maskini wa akili! Zege lenye nondo ndani, likamwagiliwa maji siku 7 bila ya kukosa, kisha likapigwa niru laini, linaweza kudumu kuliko aliyelimwaga. Anayetaka pambo na amwite fundi wa teraso, achanganye saruji na vipande vya marumaru, kisha asugue mpaka ing'ae. Sisemi kwamba halina aibu: ndimu hulidhuru nalo, na mafuta hulitia madoa usipolifuta. Lakini likichubuka, fundi wa mtaa wako hulitengeneza kwa mfuko mmoja wa saruji, na huhitaji kumtafuta muuzaji wa mbali.

Limebaki neno la mwisho, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Aliyelichagua jiwe la Kihonda hajapata kusonga ugali. Tunaishi chini ya milima ya Waluguru, watu wanaofuata ukoo wa mama, na ardhi yao hurithiwa kwa upande huo. Katika nchi ambayo mwanamke ameheshimiwa juu ya udongo wenyewe, je, si ajabu na aibu kwamba haulizwi juu ya meza ya kukatia mchicha?

Basi, ewe unayetaka kulijenga upya jiko lako, usianzie dukani. Mwite mkeo, au mama yako, au yeyote anayekupikia. Mwambie asimame, akunje mkono wake, nawe upime chini ya kiwiko chake kiasi cha shubiri moja ndogo. Hapo ndipo urefu wa meza, si pale alipopazoea fundi. Muulize moshi utatokea wapi, maji yataingilia wapi, na mahali pa kukaa na mbuzi ya kukunia nazi pako wapi. Ukimaliza yote hayo, hesabu fedha iliyobaki mfukoni mwako, si katika daftari la mkopeshaji. Hiyo ndiyo itakayokwambia ni jiwe gani. Na siku mgeni akija, mkaribishe kwenye chakula, naye ataijua nyumba yako kwa mkono wa aliyekipika.